Jina Langu Kwenye Posa ya Mwenzangu

Kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu karibu wiki nzima nilisema ni la kompyuta, na kompyuta, maskini, haina mdomo wa kujitetea.

Jina langu silitaji. Nimeshaliona limechapwa pahali lisipotakiwa, na ile mara moja inanitosha maisha yangu yote. Niiteni Fulani.

Nafanya kazi Kilindoni, hapa kisiwani Mafia, dukani kwa Mama Shirini. Familia yake ina duka pale tangu enzi za babu zao waliotoka Bara Hindi. Mbele wanauza misumari, kamba na taa, na pembeni kuna chumba kidogo cha kuchapa, chenye kompyuta mbili, moja laptop, na mashine ya fotokopi. Chumba hicho ndicho ufalme wangu. Unataka barua ya kuomba kazi hoteli za Utende? Unakuja kwangu. Kijiji kinataka kuwaandikia watu wa hifadhi ya bahari kuhusu nyavu? Kinakuja kwangu.

Mwaka mmoja alikuja mtafiti, kijana wa chuo, anachunguza matumbawe. Ripoti zake alikuwa anaprinti kwetu. Jamani, karatasi zilikuwa zimenyooka kama kanzu ya Idi! Kila ukurasa juu una mstari mwembamba, kushoto jina la sura, kulia namba. Nikamuuliza, "Kaka, unafanyaje?" Akacheka, akaniwekea kitu kinaitwa LaTeX. Inatamkwa Lateki, msije mkachekwa kama nilivyochekwa mimi.

Kwenye Lateki huburuti kitu kwa kipanya. Ni lugha hasa. Unaandika maneno yako pamoja na amri, kila amri inaanza na kimstari kilicholala kinyumenyume, kisha unaiachia kompyuta ipange. Ukishaunda templeti moja ya barua, ni kama chuma cha vitumbua: unga utabadilisha, umbo litabaki lilelile. Na heda, yale maandishi ya juu ya ukurasa, unaipangia mwenyewe. Ukurasa wa kwanza uvae hivi, wa pili uvae vile.

Loo, nikanogewa! Usiku naota heda.

Yule mtafiti akaondoka na matumbawe yake, mimi nikabaki na ufundi. Nikaitengenezea templeti shule. Nikaitengenezea kamati ya msikiti. Halafu shetani wa sifa akaninong'oneza: tengeneza ya barua ya posa.

Kwetu posa haiendi mikono mitupu. Barua inaandikwa, inatiwa kwenye bahasha, inafungwa kwenye kitambaa kizuri, mshenga anaibeba. Nikasema, barua ya namna hiyo iandikwe na kalamu inayovuja? Nikaipamba. Ukurasa wa kwanza juu nikaweka Bismillahi na maua pembeni. Nikaunda amri yangu mwenyewe, nikaiita \mposwa. Jina la binti unaliandika mara moja tu kule mwanzo, nalo linajitokeza lenyewe kila linapohitajika ndani ya barua. Nilijiona profesa.

Sasa hapa ndipo nilipojichimbia shimo.

Ili kujaribu templeti, lazima uwe na jina. Chumbani nilikuwa peke yangu, jua limewaka, wateja hakuna. Nikaweka jina langu. Mposwa: mimi! Mposaji nikamwacha nukta nukta. Barua ikatoka: "Tunaleta posa kwa binti yenu Fulani." Nikaisoma kwa sauti, nikajibu mwenyewe, "Tumepokea!" Nikacheka mpaka Mama Shirini, kutoka kule mbele, akauliza kuna nini.

Nikataka kuona na heda ya ukurasa wa pili ikoje. Nikajaza maneno ya ovyo mpaka barua ikamwagika ukurasa wa pili. Pale kwenye heda nilitakiwa niweke ile amri, \mposwa, ili jina libadilike na barua. Sikuiweka. Kwa haraka na kwa raha nikalichapa jina langu kwa mkono, herufi kwa herufi: Posa ya Bi. Fulani binti Fulani, na ubavuni, Ukurasa wa 2. Nikaliangalia. Lilipendeza, msiniulize. Nikasema nitarekebisha kesho.

Kesho! Wangapi wameangamizwa na kesho?

Posa nyingi zikapita baada ya hapo, salama salimini. Unajua kwa nini? Zilikuwa fupi. Salamu, nasaba, ombi, sahihi, ukurasa mmoja umetosha. Ile heda ya ukurasa wa pili ilikuwa imelala tu ndani, inanisubiri.

Mpaka alipokuja Mzee Bakari.

Mzee Bakari ni baba mkubwa wa Hemedi. Hemedi ni kijana wa mashua, anawapeleka wageni kuwaona papa potwe. Mpole, ana bidii, anachekacheka. Alikuwa anamtaka Saida. Na Saida ni somo yangu, rafiki wa chanda na pete! Tumesoma chuo cha Kurani mkeka mmoja, tumenyoana nywele za utosi kwa wembe mmoja, siri zake zote ninazo. Posa hii niliijua kabla hata bahasha haijanunuliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo nataka barua ambayo Mzee Kombo akiisoma, avue kofia."

Mzee Kombo ndiye baba yake Saida. Mtu mkavu, msomaji, miwani haimtoki puani.

Basi Mzee Bakari akakaa, akaanza kusema, mimi nachapa. Akasema salamu. Akasema dua. Akamtaja babu, baba wa babu, na mashua ya baba wa babu. Nikasema, "Mzee, si inatosha?" Akanikazia macho. "Unaposa kuku wewe? Andika!" Akataja tabia za Hemedi tangu akiwa anatambaa. Mwishoni akanung'unika, "Makosa yasiwemo tu."

Nami, kwa kinywa changu hiki, nikamjibu, "Mzee, mashine yangu haikosei."

Nikaprinti. Niliisikia mashine ikitema karatasi mbili. Ile ya kwanza niliitazama, Bismillahi yake, maua yake, jina la Saida limekaa kama malkia. Ya pili sikuigeuza. Mzee alikuwa ameshasimama, adhana ya Ijumaa imekaribia. Nikakunja, nikatia bahasha, nikampa kwa mikono miwili na kigelegele juu!

Yaliyotokea kule nilisimuliwa.

Jioni wazee walikaa barazani kwa Mzee Kombo, kina mama wako ndani nyuma ya pazia, Saida katikati yao. Kitambaa kikafunguliwa. Mzee Kombo akasoma kwa sauti, na yeye si mtu wa kuruka neno. Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri mno, shangazi mtu akaanza kufuta machozi. Akageuza karatasi. Akaanza juu kabisa, kama ilivyo desturi yake:

"Posa ya Bi. Fulani binti Fulani. Ukurasa wa pili."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Lilikuwa lilelile. Akamgeukia Mzee Bakari. "Ndugu yangu, hii posa ni ya binti yangu au ya yule mwandishi wa dukani? Au mmekuja kuposa kurasa mbili, kila ukurasa na mke wake?"

Mzee Bakari, aliyetamba na mashua ya baba wa babu, hakupata hata salamu ya kuagia. Barua ilifungwa kwenye kitambaa chake, akarudishiwa.

Asubuhi yake alinijia dukani, akaitupa mezani. "Soma juu."

Nilisoma. Wallahi nilijua palepale. Sikuhitaji kufungua kompyuta. Niliiona ile siku ya jua kali, nikajiona nikijijibu mwenyewe, "Tumepokea!"

Na hapo, wenzangu, ningesema tu: mzee, nisamehe, ni mchezo wangu wa kijinga. Maneno saba. Habari isingefika hata kwenye vijiwe vya kahawa.

Lakini niliona aibu. Nitasemaje kuwa nilikuwa najiposa peke yangu dukani? Nikasema, "Labda kompyuta, mzee."

"Kompyuta inakujua jina?"

Wateja wawili walikuwa wamesimama wanasikiliza. Nikazidiwa, nikaongeza uovu juu ya uongo. Nikasema, "Mimi huandika ninachoambiwa."

Mnaona? Hapo nimeshamtupia mzigo yeye. Kwamba wao ndio walionitajia jina langu! Mzee Bakari aliniangalia kama anayeangalia chakula kilichochacha, akatoka.

Kufikia adhuhuri Kilindoni nzima ilikuwa na habari: Hemedi anataka wawili, Saida na binti wa kuchapa. Madereva wa bodaboda wakinipita wanapiga honi.

Sasa niungame lile ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu wengi. Niliona raha.

Ndiyo, raha! Sokoni muuza samaki ambaye siku zote hunipa vijisamaki vya kuungia maharage, siku ile akanichagulia changu mkubwa, akasema, "Chukua mwanangu, ushibe, una shughuli mbele." Wanawake wakawa wananiangalia kuanzia kisigino. Nilikuwa sijawahi kuposwa, wala sijawahi hata kusemwa. Umri ulikuwa unaenda, mama ameshaanza kuvuta pumzi ndefu kila anaposikia ngoma ya harusi. Ghafla nikawa binti anayetakiwa. Hemedi simtaki, nawaapia. Nilitaka tu kutakiwa.

Nyumbani mama alikuwa amefagia uwanja mpaka mchanga unang'aa.

"Mwanangu, mbona hukuniambia?"

"Kukwambia nini, mama?"

"Haya, ficha tu. Nimeshawatumia salamu wajomba zako Jibondo. Wanakuja."

Nikaingia ndani, nikamwacha na furaha yake.

Saida alikuja dukani kesho yake. Nilitegemea atalia, au atanizaba kibao, na kibao ningekipokea. Alisimama mbele ya meza, mikono ndani ya buibui.

"Unamtaka?"

Swali moja tu. Jibu lake lilikuwa "hapana", neno jepesi kuliko yote duniani. Nami nikainamia kibodi, nikanyamaza!

Alingoja. Kisha akasema, "Haya," akaondoka. Tangu tujuane ilikuwa mara ya kwanza kuondoka bila kuniaga.

Hapo raha ilianza kuchacha.

Hemedi naye akaja, ametoka baharini, chumvi bado nyeupe kwenye nyusi. Hakufoka.

"Dada, nakuuliza bila ugomvi. Kuna siku nimewahi kukupa neno lolote la mapenzi?"

"Hapana."

"Nimewahi kumtuma mtu kwako?"

"Hapana."

"Basi mbona hulisemi hilo kwa watu?"

Akasema wenzake kwenye mashua wanamcheka mbele ya wageni. Mzee Kombo hapokei shikamoo yake. Alikuwa ameamua kwenda kisiwani Shungimbili kukaa dago na wavuvi, alale kambini huko mpaka watu wasahau. "Saida akiolewa na mwingine, naomba nisiwe hapa kusikia vigelegele." Akashuka ngazi taratibu, kama mtu mzima.

Nilirudi nyumbani, nikawakuta wajomba zangu wa Jibondo wameketi ukumbini na shanta zao, mama anawapikia kuku. Mjomba mkubwa akanipokea, "Bi harusi huyo!"

Nikageuka mlangoni pale pale. Nikakimbia, kiatu kimoja kikanivuka njiani, mpaka kwa Mama Shirini.

Nikamweleza yote. Mchezo, heda, kesho, uongo, raha. Alinisikiliza huku anahesabu misumari ya mteja. Nilipomaliza, alicheka mpaka ikabidi aketi juu ya gunia. Halafu kicheko kikakatika kama kilivyoanza.

"Wewe mtoto, umenichekesha. Lakini yule kijana na yule binti hawacheki. Beba laptop. Twende."

"Twende wapi, Mama?"

"Kwa Mzee Kombo. Ulitaka twende bichi?"

Tuliwakuta barazani baada ya alasiri: Mzee Kombo, shangazi yake Saida, na Saida mwenyewe mlangoni anachambua mchele, hakuinua uso. Mama Shirini akatuma mtu amwite na Mzee Bakari. Alikuja amenuna, akakaa upande wa pili.

Nikapiga magoti kwenye mkeka, nikafungua laptop. Nikakosea neno la siri mara mbili.

Nikasema, "Wazee wangu, jina lile nililiweka mimi. Nilikuwa najaribu templeti. Mzee Bakari hakulitaja. Hemedi hakulijua. Mimi ndiye mwongo."

Mzee Kombo akasogeza miwani. "Huu usemi wako au umefundishwa njiani na huyu tajiri wako? Kompyuta inawezaje kuliweka jina lako peke yake kwenye posa ya mwanangu?"

"Nikuonyeshe, mzee. Nitajie jina lolote."

"Weka langu," akasema, kwa kunitega.

Nikafuta jina la Saida kule mwanzo, nikaandika la baba yake. Nikaipa kompyuta ipange. Barua ikatokea na maua yake. Mzee Kombo akainama, akasoma kwa sauti, kama desturi: "Tunaleta posa kwa binti yenu... Kombo." Akakohoa. Nikashusha ukurasa wa pili. "Posa ya Bi. Fulani binti Fulani."

Akaninyooshea kidole. "Kwa hiyo hata mimi nikiposwa, unaolewa wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Na nikimposa shangazi hapa?"

"Vilevile, mzee. Ni mimi tu."

Shangazi akapiga makofi, "Jamani! Huyu amejiposea katika kila nyumba ya Mafia na wenyewe hatuna habari!"

Basi baraza lilipasuka! Mzee Bakari, aliyekuja amenuna, ndiye aliyecheka zaidi, akashika ubavu, akamshika Mzee Kombo begani. "Ndugu yangu, binti Kombo! Sikujua kama unaposeka!" Mzee Kombo alijitahidi kubaki mkavu, akashindwa, miwani ikamwanguka mapajani. Palepale wakapeana mikono.

Mimi nilikuwa bado magotini. Kwa maana Saida hakucheka.

Nikamsogelea mlangoni. Nikamwambia lile ambalo laptop haiwezi kulionyesha. "Somo, uliponiuliza, jibu lilikuwa hapana. Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa tamu kudhaniwa natakiwa. Nisamehe."

Akaendelea kuchambua mchele. Akatoa kijiwe, akakitupa.

"La kwenye heda nimekusamehe tangu baba alipoposwa," akasema. "La kunyamaza, bado."

Alikuwa na haki.

Hemedi alipatikana kabla hajapakia godoro lake. Mzee Bakari alikataa katakata kuchapiwa tena. Aliiandika posa kwa mkono wake, kwa kalamu inayovuja, na nasikia mashua ya baba wa babu imeongezwa mlingoti. Ikapokelewa.

Na mimi nikalipa. Wajomba zangu walikaa siku zao zote walizopanga, wanakula kuku wa mama, kila asubuhi mmoja anauliza, "Kwa hiyo hakuna harusi kabisa?" Mama hakunisemesha mpaka walipopanda mashua. Mjini nikapata jina: Ukurasa wa Pili. Mnajua wenyewe linavyosikika, kama mke wa pili! Hata imamu, nasikia, aliwahi kuniita hivyo kwa kuteleza ulimi.

Ila kilichoniuma ni harusi yenyewe. Saida alinipa adhabu ya kukuna nazi. Nilikuna mpaka mbuzi ya nazi ikawa kama imeota chini yangu! Na siku ya kumsinga bi harusi, kumsugua mwili kwa liwa, wasichana tuliokua pamoja wote waliitwa ndani, wakafunga mlango. Mimi nikabaki uani na vifuu. Nilisikia vicheko vyao na nyimbo zao, nikawa naimba pamoja nao kimyakimya huku nakuna. Pahali pangu palikuwa mle ndani. Nilipauza mwenyewe kwa siku chache za kuangaliwa kisigino.

Miezi ikapita, akipita dukani ananisalimia vizuri, salamu ya jirani. Mwaka ukageuka. Siku moja akaingia amembeba mtoto wake, anataka sabuni na utambi. Akaanza kutafuta mkoba, mtoto anamsumbua. Akanyoosha mikono juu ya meza, akanipa mtoto. Nikampokea.

"Mshike vizuri," akasema, kichwa ndani ya mkoba. "Mzito huyo. Na ana tabia za baba yake, anacheka na kila mtu."

Nilimshika vizuri. Sabuni aliinunua polepole sana siku ile, mpaka Mama Shirini akaja kutuuliza kama tumelala.

Basi ninyi mnaonisoma, hasa wasichana wenzangu: ukiulizwa "unamtaka?" nawe humtaki, sema humtaki, papo hapo, hata kama kutakiwa ni kutamu kuliko halua. Ukimya nao ni uongo, tena wenye miguu mirefu.

Na mafundi wa kuchapa, nawaomba: tazameni kila ukurasa kabla ya bahasha. Heda iwekeeni amri, msiichapie jina kwa mkono. Na mkitaka jina la kujaribia templeti, msiweke la kwenu. Mimi siku hizi natumia la paka dume wa Mama Shirini. Mpaka leo hajaposwa.